Umeitwa Chuo Kidogo? Usijifiche



Barua za kuitwa vyuoni zikitoka, malalamiko ninayoyapokea huwa na sauti moja. Mmoja ameitwa Chuo Kikuu cha Rongo, roho yake iko Nairobi. Mwingine yuko Homa Bay, katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya, na wenzake wa sekondari wakimuuliza anasoma wapi hubadilisha mada. Wa tatu, wazazi wameuza ng'ombe ili aingie chuo cha binafsi ambacho darasa lake zima lingetosha ndani ya matatu moja. Tena wengi wenu mnasomea fasihi, historia au sosholojia, na mkifika nyumbani shangazi hakosi kuuliza: "Sasa hayo yatakupeleka wapi?"

Wadogo zangu, nawajibu pamoja. Udogo wa chuo si hasara yako. Hasara ni kujificha ndani yake kwa miaka minne kana kwamba uko darasa la watu elfu.

Wewe wa Homa Bay, anza na jina lililoandikwa kwenye lango lenu. Tom Mboya, mwanasiasa aliyezikwa kisiwani Rusinga, alisoma Ruskin, chuo kidogo mjini Oxford, kati ya 1955 na 1956. Mwaka 1959 alipoanza kuwasafirisha vijana wetu kwenda kusoma Marekani, ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81, na katika miaka iliyofuata wengi waliangukia vyuo vidogo katika miji ambayo hawakuwahi kuisikia. Wangari Maathai aliondoka 1960 akapelekwa Atchison, Kansas, katika Mount St. Scholastica, chuo cha wasichana kilichoendeshwa na watawa Wakatoliki. Alisomea biolojia, pembeni akachukua kemia na Kijerumani. Kijerumani, msichana wa Nyeri! Bila shaka naye aliulizwa kitampeleka wapi. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani kwa masomo ya uzamifu. Mnamo 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Simfanyi kila mmoja wenu kuwa Wangari. Nasema somo ambalo shangazi halielewi lisikunyime usingizi, mradi unalisoma kwa bidii.

Sasa, faida ya darasa dogo ni kwamba mhadhiri anaweza kukujua kwa jina. Anaweza, lakini hatakuja chumbani kwako kukutafuta. Wewe ndiye wa kwenda ofisini kwake, na usiende kusalimia tu. Nenda na karatasi yako iliyosahihishwa mkononi. Sema: "Habari ya asubuhi, Daktari. Mimi ni fulani, wa mwaka wa kwanza. Kwenye jaribio la CAT nilipata 12 kwa 30. Naomba unionyeshe aya hii ya pili ilikosa nini." Kisha nyamaza, kalamu tayari. Yataisha kwa dakika kumi. Rudi wiki mbili baadaye na aya ile ile umeiandika upya. Mhadhiri huyo, siku utakapoomba ufadhili wa shahada ya pili, hataandika barua ya kukusifu kijumla. Ataandika juu yako, kwa mifano. Wanafunzi wengi hufika mwaka wa nne hawana hata mtu mmoja wa kuwaandikia barua ya namna hiyo, na inaniuma, kwa sababu milango ilikuwa hatua chache tu kutoka darasani.

Jambo la pili, alama. Kupotea kwa alama ni ugonjwa wa vyuo vingi nchini, vikubwa kwa vidogo. Kila unapofanya mtihani, hakikisha umetia saini orodha ya mahudhurio. Tunza kadi ya mtihani. Kila kazi unayowasilisha, piga picha kwa simu, kurasa zote. Matokeo yakitoka na ukaona pengo, mwandikie mhadhiri barua pepe wiki hiyo hiyo, nakala kwa mkuu wa idara, ukitaja tarehe ya mtihani na namba yako ya usajili. Usingoje hadi orodha ya mahafali itoke. Wahadhiri wengi ni wa muda. Ukichelewa, aliyekufundisha atakuwa ameshahamia kwingine, na wewe utabaki ukizungushwa ofisi hadi ofisi huku wenzako wakishona suti.

Na nyamera, dada yangu, mhadhiri akikuambia alama zako zinapatikana hotelini jioni, usiende. Usifute ujumbe wake pia. Piga picha za skrini, mpe rafiki unayemwamini nakala, kisha mwende pamoja kwa mkuu wa wanafunzi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inahesabu unyanyasaji wa kingono wa mtu mwenye mamlaka kuwa kosa la jinai. Ukihisi huna wa kumwambia chuoni, piga simu ya msaada 1195, ni bure. Kaka zangu, nanyi mkiona mwenzenu wa kike amekonda na haingii tena somo fulani, muulizeni kwa upole. Katika chuo kidogo watu huona mambo haya mapema, basi tusijifanye vipofu.

Mnaoingia vyuo vya binafsi, neno moja kabla ng'ombe hajauzwa. Usiulize tu kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Kwa shahada, thibitisha na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa vyuo vya ufundi, TVETA. Kwa uuguzi, Baraza la Wauguzi lazima liitambue shule, la sivyo hutapata leseni hata ukiwa wa kwanza darasani. Omba pia karatasi ya ada zote, siyo karo peke yake: usajili, mitihani, maktaba, mahafali. Chuo kinachosita kukuandikia hesabu hiyo usikipelekee pesa ya mzazi.

Pesa ya matumizi sitairefusha. Mkopo wa HELB ukiingia, lipa kodi ya muhula mzima siku hiyo hiyo, nunua unga na mafuta, jaza mtungi wa gesi wa kilo sita. Omena tunayo, sukuma ipo. Hutalala njaa. Kaka zangu wa upande wa Nyatike, najua machimbo ya dhahabu ya Macalder yanavyoita wakati wa likizo, na najua karo inavyobana. Ukienda, nenda na tarehe ya kurudi. Wapo walioahirisha muhula mmoja tu, na hadi leo hawajarudi darasani.

Mapenzi nayo. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu kabisa vya maambukizi ya VVU nchini. Mnaijua habari hii tangu shule ya msingi, na huenda ndiyo maana masikio yamechoka. Basi nitasema yale ambayo wengi hawaambiwi wazi. Kama mpira ulipasuka, au ulilazimishwa, au ulijisahau, kuna dawa za PEP za kuzuia maambukizi: zianze mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, unazinywa siku 28. Kama uko kwenye uhusiano unaokutia wasiwasi, kuna PrEP ya kumeza kabla. Zote zinatolewa bila malipo katika hospitali za umma. Ukiogopa kuonekana na mtu wa chuoni, nenda hospitali ya mji wa jirani; kutoka Rongo hadi Homa Bay si safari. Na yule mzee mwenye gari anayekulipia kodi, jiulize kama unaweza kumwambia "hapana" usiku mmoja na bado ukawa na chumba asubuhi. Kama huwezi, tafuta mwenzako mgawane kodi ya chumba kimoja, hata kiwe cha mabati, uondoke kwake kabla ya mitihani.

Wa mwaka wa kwanza, nawaomba mfanye jambo moja wiki hii. Chagueni mhadhiri mmoja, mchukue kazi moja iliyosahihishwa, mwende mkamuulize. Kisha mniandikie alisema nini. Nitazisoma barua zote.