Kumfundisha Kiingereza mtoto mwenye haya: mbinu nilizookota barazani Mikumi

Binti wa jirani yetu hapa Mikumi aliletwa kwangu Septemba, baada ya mtihani wa darasa la saba. Mama yake alinikabidhi kwa maneno machache: "Mwalimu, huyu kuandika anaandika. Kusema ndiyo hataki." Januari angeanza kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo hugeuka ghafla kuwa la Kiingereza.

Wiki ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilipiga marufuku Kiswahili barazani, kama tulivyofanyiwa sisi sekondari, tukivishwa kibao shingoni kila tulipokutwa tunakiongea. Binti akawa haongei lugha yoyote. Alichora kwa kidole mezani akisubiri saa ya kurudi kwao. Ikiwa nawe una mwanafunzi wa namna hii, haya ndiyo yaliyonisaidia.

1. Rudisha Kiswahili

Wewe na yeye mna lugha moja, na huo ni mtaji. Binti alikuwa akiandika "two elephant", nami nasahihisha kwa wino mwekundu, kesho yake anarudia. Siku moja nikamweleza kwa Kiswahili: sisi wingi tunauweka mwanzoni, mtoto akawa watoto, Waingereza kwa kawaida wanauweka mwishoni. Na tembo wetu habadiliki kabisa, awe mmoja au wawe kumi, ndiyo maana unamsahau. Alichukua kalamu, akalipitia daftari zima akiongeza "s" bila kuambiwa.

Vivyo hivyo na "my father she is a driver". Kwetu yeye ni yeye, awe baba au mama. Mwingereza anataka ujue kwanza. Mtoto akishajua kosa lake limetoka wapi, haoni tena kwamba ni mjinga.

2. Anza na Kiingereza alichonacho

Tunakaa kando ya barabara kuu ya TANZAM, inayokwenda Mbeya hadi Zambia. Nilimwambia anitajie anayoyaona: lori, basi, dereva, tairi, breki, tikiti. Nikamwambia yote hayo yamehamia kwetu kutoka Kiingereza. Alicheka kwa mara ya kwanza tulipofika kwenye kipilefti cha Msamvu, kule Morogoro mjini. Neno lenyewe ni agizo la barabarani, "keep left", yaani shika kushoto, nasi tukalisikia "ki" mwanzoni tukalipa hadi wingi: vipilefti. Kumbe hata Kiingereza nacho kinaweza kukosewa na dunia isianguke.

3. Mpe pa kujificha

Hili nililigundua kwa bahati. Kila lori lilipopita likiunguruma, niliona midomo ya binti inacheza. Alikuwa anasoma kwa sauti, akijua simsikii. Sikusema kitu. Kesho yake nilisogeza viti karibu zaidi na barabara, nikahama kutoka mbele yake nikakaa ubavuni, sote tukitazama malori. Likipita, sote wawili tunasoma kwa nguvu, likiisha, tunanyamaza. Baada ya wiki mbili alianza kuchelewa kunyamaza: lori limeshapita, sentensi yake bado inamalizikia. Usipokaa kando ya barabara, kinu kinachotwangwa au mvua juu ya bati itafanya kazi hiyohiyo.

4. Usimmalizie sentensi

Akikwama, hesabu kumi moyoni. Usimkatize katikati kumsahihisha. Andika kosa pembeni, mlijadili mwishoni, tena moja tu kwa siku. Na wakubwa wanaopita wakisema "hebu tusikie Kiingereza chako", waombe wapite salama.

Desemba binti alikwenda Kilosa kwa bibi yake. Nilimwachia kazi ya sentensi tatu kila siku, za alichokiona mwenyewe. Wasioijua njia ya Mikumi kwenda Kilosa wajue kwamba katikati kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Aliporudi alifungua daftari, akasoma: "We passed Ulaya. Nobody there spoke English."

Nilicheka hadi machozi. Hakukuwa na lori wakati huo. Barabara ilikuwa kimya, na kila neno nililisikia. Naye alinitazama usoni, akasubiri nimalize kucheka, akaendelea na sentensi ya tatu.

Sasa yuko kidato cha kwanza. Sauti yake bado ni ndogo, darasani hanyooshi kidole wa kwanza, na mama yake angependa achangamke zaidi. Mimi sikumfundisha kuchangamka. Akiulizwa, anajibu, hilo ndilo tuliloahidiana. Mwalimu mwenzangu, haya za mtoto si kosa la sarufi. Ziache.