SOMO LA 12: PIKAPU YA KIKUNDI NA MAFUTA YA MBONO

Maneno mapya: bayodizeli, tangi, chujio, nozeli, kuganda

Katika kijiji kimoja karibu na Ngaka, wilaya ya Mbinga, kikundi cha wakulima wa kahawa kina pikapu ya zamani ya dizeli. Mchana hubeba kahawa, mbolea na mahindi. Usiku hubeba wagonjwa.

Bei ya dizeli ilipopanda, dereva alitafuta nafuu. Mdogo wake alimletea madumu matatu ya bayodizeli kutoka Dar es Salaam. Dereva akajaza tangi lote mara moja. Siku mbili gari lilikwenda vizuri. Hata moshi ulipungua.

Usiku wa siku ya tatu alikuwa anampeleka mama mjamzito hospitali. Katikati ya mlima gari likakosa nguvu, likazimika. Watu walimbeba mama yule kwa machela, mwendo wa saa mbili. Alijifungua salama, lakini kikundi hakikusahau usiku ule.

Asubuhi dereva alimwita fundi.

"Shikamoo, fundi. Mafuta yale yameniulia gari."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza tufungue chujio."

Chujio lilikuwa jeusi, limejaa matope.

"Umeona?" akasema fundi. "Mafuta hayakuwa mabaya. Tangi ndilo lilikuwa chafu. Bayodizeli huosha. Imeng'oa uchafu wa miaka mingi, ikauleta kwenye chujio. Chujio likaziba, injini ikakosa mafuta."

BAYODIZELI NI NINI?

Bayodizeli hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama. Mafuta ya mbono, ya alizeti, ya mawese, hata yaliyokwisha kukaangia, yanafaa. Mafuta hayo huchanganywa na spiriti kali iitwayo methanoli, pamoja na kostiki ya kutengenezea sabuni. Baadaye gliserini hukaa chini, na bayodizeli hukaa juu. Ikisafishwa vizuri, ni nyepesi karibu kama dizeli.

Basi, mafuta yaliyokamuliwa tu si bayodizeli. Ni mazito. Yakitiwa hivyo hivyo katika gari, huacha masizi kwenye nozeli na kuharibu injini.

Wazo hili si geni. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, Ufaransa, injini ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hapa Tanzania, wengi waliwahi kuweka matumaini katika mbono kaburi, ule mmea wa ua na wa makaburini. Huko Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za kulima mbono. Mwaka 2011 kazi ilisimama, na wanavijiji wengi wakabaki bila ajira wala ardhi ile. Tujifunze kuanza na kidogo.

MASHAURI YA FUNDI

1. Safisha tangi kabla ya kuanza. Weka chujio la akiba garini.

2. Anza kwa kuchanganya: sehemu moja ya bayodizeli kwa sehemu nne za dizeli.

3. Kagua mipira ya mafuta. Katika magari ya zamani, bayodizeli hulainisha mipira ya asili, ikavimba na kuvuja. Weka mipira isiyoharibiwa na mafuta haya.

4. Jihadhari na baridi. Bayodizeli ya mawese huganda upesi. Gari linaloweza kuwaka vizuri Mbamba Bay, kwenye joto la ziwa, linaweza kugoma alfajiri ya Julai huku Umatengo. Wakati wa baridi, punguza bayodizeli.

5. Usiweke bayodizeli miezi mingi. Huharibika. Funga dumu vizuri, maji yasiingie.

6. Usitengeneze jikoni. Methanoli hushika moto upesi, na mtu akiinywa huweza kupofuka au kufa. Kostiki huunguza ngozi. Mbegu za mbono ni sumu, watoto wasizile. Dumu la mafuta haya lisitumiwe tena kwa chakula.

Kikundi kilikubaliana: mafuta mapya yatajaribiwa mchana, katika safari fupi. Gari la kupeleka wagonjwa usiku lisiwe gari la majaribio.

HESABU

Tangi la pikapu huchukua lita 60. Tunataka sehemu moja ya bayodizeli na sehemu nne za dizeli. Jumla ni sehemu tano.

60 ÷ 5 = 12
Bayodizeli: lita 12
Dizeli: 12 × 4 = lita 48

Sasa fanya wewe: tangi la lita 45 litahitaji lita ngapi za kila aina?

MASWALI

1. Kwa nini gari lilizimika mlimani?
2. Mafuta ya mbono na bayodizeli hutofautianaje?
3. Kwa nini mipira ya gari la zamani ikaguliwe?

TUJADILIANE

Kijijini kwenu ni gari gani hubeba wagonjwa? Nani hukagua chujio lake, na lini?