Sukari Bandia kwa Mama Mjamzito na Anayenyonyesha

Mama wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, aambiwapo kliniki kuwa ana kisukari cha mimba, hutakiwa kwanza kupunguza sukari. Arudipo nyumbani chai haina ladha aliyoizoea. Na madukani zimo soda zisizo na sukari na vidonge vidogo vya kutia utamu. Swali lake ni la haki: je, utamu huu hautamdhuru mtoto aliye tumboni? Halijibiki kwa neno moja, kwa sababu kile tukiitacho "sukari bandia" si kitu kimoja.

Vitu vyenyewe

Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 huko Baltimore, Marekani, na mwanakemia Constantin Fahlberg, ambaye alionja utamu vidoleni mwake baada ya kazi ya maabara. Aspatemu iligunduliwa mwaka 1965, na sukralosi mwaka 1976. Kwa uzito ulio sawa, aspatemu huishinda sukari kwa utamu mara 200 hivi, sakarini mara 300 au zaidi, na sukralosi mara 600. Ndiyo maana punje chache hutosha kikombe kizima.

Safari ya kila kimoja mwilini

Aspatemu huvunjwa tumboni na kuwa fenilalanini, asidi aspatiki na methanoli kidogo. Vyote vitatu hupatikana pia katika vyakula vya kawaida. Aspatemu yenyewe haimfikii mtoto. Hata hivyo, wapo watu wachache waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao miili yao hukosa kimeng'enya cha kubadili fenilalanini. Mjamzito mwenye ugonjwa huo lazima aiepuke kabisa, kwani fenilalanini ikizidi damuni huharibu ubongo wa mtoto.

Sakarini haivunjwi. Huingia katika damu, hupenya kondo la nyuma, na hutoka polepole katika mwili wa mtoto aliye tumboni. Haijathibitishwa kuwa humdhuru, lakini kwa sababu hiyo madaktari wengi huwashauri wajawazito wachague kitu kingine.

Sukralosi, kwa sehemu kubwa, hupita utumboni bila kufyonzwa na kutoka pamoja na choo.

Vipi maziwa ya mama? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichunguza maziwa ya wanawake 20. Katika sampuli 13 walikuta sakarini, sukralosi au asesulfamu, kwa viwango vidogo, aspatemu hawakuiona.

Hesabu ya kipimo

Kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani imeweka kikomo cha kila siku: miligramu 40 za aspatemu, na 5 za sakarini, kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwaka 2023 kikomo cha aspatemu kilipitiwa upya na kubakia vilevile. Mama wa kilo 60 basi asizidishe:

40 × 60 = miligramu 2,400 za aspatemu.

Iwapo kopo moja la soda lina miligramu 300, itambidi anywe makopo 8 kwa siku ndipo akifikie kikomo.

Usalama si lishe

Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitu hivi ili kupunguza uzito. Lilitaja pia tafiti zilizohusisha matumizi yake na kuzaa kabla ya wakati, ingawa hazithibitishi kuwa ndivyo chanzo. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari.

Kosa kubwa lingekuwa mama kuogopa kidonge akairudia sukari. Sukari ikizidi katika damu yake humfikia mtoto, humfanya awe mkubwa kupita kiasi, na akishazaliwa sukari yake huweza kushuka ghafla. Kwa hiyo asome jina lililoandikwa kwenye pakiti, atumie kwa kiasi, amwulize daktari, na aizoeze chai yake kupungua utamu siku hata siku. Kiu huondolewa na maji.

Zoezi

1. Mama ana kilo 52. Iwapo kidonge kimoja kina miligramu 13 za sakarini, ni vidonge vingapi vitakavyomfikisha kwenye kikomo cha siku?
2. Kwa nini aspatemu haikuonekana katika maziwa, ilhali sakarini ilionekana?