Kutoka Ewuaso Kedong hadi Mkutano Mkuu: Mambo ya Kuandaa Mapema

Ukichaguliwa kuwa mjumbe wa Mkutano Mkuu wa kanisa, pongezi utazipata siku hiyo hiyo. Kazi ndiyo huja polepole, na usipoianza mapema itakushinda. Makala haya yanamlenga mjumbe anayeishi mbali na ofisi za kanisa na za serikali: mlei au mchungaji wa Ewuaso Kedong, Kajiado Magharibi, kwa mfano, ambaye kikao cha matayarisho kikiitwa Kitengela inambidi apande hadi Ngong, apitie Kiserian, kisha ashike barabara ya Isinya ndipo afike.

Jua kwanza unatumwa wapi. Kanisa la Methodist Kenya, ambalo mizizi yake iko Ribe tangu 1862, linajitawala tangu 1967, na Mkutano Mkuu wake huketi humu nchini. United Methodist ni kanisa jingine. Kwa miaka mingi washirika wake wa Kenya wamekuwa katika eneo la kiaskofu la Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Mkutano Mkuu wa kanisa hilo hukutanisha wajumbe wa dunia nzima kila baada ya miaka minne, nusu walei na nusu wachungaji, na ndicho chombo pekee chenye mamlaka ya kusema rasmi kwa niaba ya kanisa zima. Unaofuata umepangwa Mei 2028 mjini Minneapolis, Marekani. Nitaueleza zaidi huo, kwa kuwa safari yake ndiyo yenye vikwazo vingi.

Walei huchaguliwa na walei wenzao, na wachungaji na wachungaji wenzao. Mlei awe amekuwa mshirika kamili kwa angalau miaka miwili, na mshiriki hai wa shughuli za kanisa kwa angalau minne. Nawasihi wapiga kura: msitume mtu kwa kumheshimu tu. Tumeni anayesoma, anayeuliza, na atakayethubutu kushika kipaza sauti.

Sasa hati za safari. Mkutano wa 2020 uliahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya korona, hadi ulipofanyika Charlotte, North Carolina, kuanzia 23 Aprili hadi 3 Mei 2024. Hata baada ya kungoja kote huko, makumi ya wajumbe wa Afrika hawakufika, wengi kwa kukosa viza au kwa barua za mwaliko kuchelewa. Na huo haukuwa mkutano mdogo. Tarehe 25 Aprili ulipitisha kwa kura 586 dhidi ya 164 mpango wa kulipatia kila eneo la dunia uwezo wa kurekebisha baadhi ya kanuni kulingana na mazingira yake. Wiki iliyofuata uliondoa marufuku ya kuwatawaza wachungaji mashoga, jambo lililozua mgawanyiko mkubwa Afrika. Uwe uliunga mkono au ulipinga, asiyekuwa ukumbini hakuhesabiwa. Ndiyo maana mimi naweka pasipoti mbele ya kila kitu, hata mbele ya sare ya kwaya na harambee ya nauli.

Ombi la pasipoti huanzia eCitizen, kisha unakwenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mtu wa Kajiado Magharibi, Nyayo House jijini Nairobi ndiyo karibu. Hapo wazee wetu wengi hukwama kwa cheti cha kuzaliwa. Kuna waliozaliwa manyattani wasiandikishwe, na kuna ambao jina la kitambulisho halilingani na la cheti. Kulirekebisha huchukua muda, kwa hiyo linganisha hati zako herufi kwa herufi wiki hii, si mwaka wa safari. Viza ya Marekani huombwa mtandaoni, kisha unahojiwa ubalozini Gigiri. Nenda na barua ya mwaliko, barua ya askofu na uthibitisho wa mambo yanayokurudisha nyumbani: kazi, familia, shamba, mifugo. Jibu kwa ufupi na ukweli.

Hati zikishughulikiwa, soma. Kitabu cha hoja na ripoti zote hutolewa kabla ya mkutano, na kwa miaka ya karibuni kimetolewa pia kwa Kiswahili, sambamba na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ukumbini kuna wakalimani. Basi omba nakala ya Kiswahili mapema, na usione haya kuchangia kwa Kiswahili.

Mshirika yeyote anaweza kupeleka hoja. Kama sharika za Kajiado zina jambo, tuseme pensheni ya wachungaji wa vijijini, liandikwe wazi, lionyeshe kifungu kinachoguswa cha Kitabu cha Nidhamu, yaani kitabu cha kanuni za kanisa, liwe na jina na saini ya mpelekaji, na lifike siku 230 kabla ya kufunguliwa kwa mkutano. Kwa mkutano wa Mei 2028, hiyo ni Septemba 2027.

Hoja hujadiliwa kwanza kwenye kamati, na kamati ni zaidi ya kumi. Mjumbe huketi kwenye moja tu. Ujumbe mdogo wenye mlei mmoja na mchungaji mmoja utaona kamati mbili, mengine yote yatapita bila wao. Hakuna dawa ila kuungana: gawaneni kamati na majirani wa Uganda, Burundi na Kongo, kisha kila jioni mpeane habari. Hoja zilizokubaliwa na karibu wote kwenye kamati hufungwa pamoja na kupigiwa kura kwa mkupuo. Ukitaka moja itolewe ijadiliwe peke yake, lazima ukusanye saini za wajumbe wengine kwa wakati uliowekwa, kwa hiyo soma orodha ya siku kabla ya kifungua kinywa.

Kabla ya kuondoka, zungukia sharika ukawasikilize akina mama, vijana na wazee, na uandike wanayosema. Ukirudi, wape taarifa mwezi huo huo, kwa Kimaa pale Kimaa kinapoeleweka zaidi, na uwaambie hoja zipi zilipita, zipi zilianguka, na wewe ulipigaje kura katika kila moja.