Padova: Dakika 15 Mbele ya Giotto

Kanisa dogo la Scrovegni, mjini Padova, huwapa wageni dakika 15 tu. Kuta zote zimejaa michoro ya Giotto, aliyoifanya kati ya 1303 na 1305. Zikiisha dakika hizo mlango hufunguliwa, mnatoka, zamu nyingine inaingia. Wengi hunung'unika kwamba muda ni mfupi. Mimi naona unatosha, mradi uwe umeshaamua utatazama nini kabla hujaingia.

Anza na tiketi. Usiende mlangoni na pesa mkononi ukitarajia nafasi. Kata mtandaoni mapema, maana kila zamu huchukua watu wachache. Chagua saa nne asubuhi, yaani 10:00 kwenye tiketi yako, ili mchana ubaki wa mambo mengine. Kutoka Venezia panda treni ya mkoa iendayo kasi, ambayo hufika kwa nusu saa hivi. Bei ya treni hizi haipandi ukichelewa kununua, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini. Ukishuka, nyoosha na barabara ya Corso del Popolo kwa miguu, vuka mfereji, na baada ya dakika kumi hivi utaiona bustani ya Arena upande wa kushoto. Kanisa limo humo. Begi litabaki mapokezini. Ingia na darubini ndogo mfukoni, kwa sababu safu za juu ziko mbali na macho.

Kabla ya kuingia mtaketishwa katika chumba cha vioo kwa robo saa ili hewa isawazishwe. Unyevu na vumbi tunavyoingia navyo ndivyo vinavyokula michoro. Hapo huonyeshwa filamu fupi. Itazame.

Sasa ndani. Simu iache mfukoni: picha nzuri za humu zimejaa vitabuni, na dakika haziongezwi. Zitumie mbili za mwanzo kusimama tu katikati na kuizoea buluu ya dari. Kisha elekea altare. Kisa kinaanzia juu kabisa ukuta wa kulia, upande wa altare, kwa Yoakimu na Ana, wazazi wa Maria, halafu kinazunguka kuta na kushuka safu kwa safu. Usijaribu kukisoma chote. Katika safu ya chini ya visa, ukuta wa kulia, mtafute Yuda: joho lake la njano limemfunika Yesu karibu lote, nyuso zimekaribiana, na Yesu anamtazama tu. Geukia ukuta wa kushoto, safu ile ile, uone maombolezo ya kifo cha Yesu: malaika wanajinyonganyonga angani kwa uchungu, na mbele wameketi watu waliotupa mgongo. Mchoraji aliyethubutu kuficha nyuso za waombolezaji alijua kwamba mgongo nao hulia.

Chini kabisa kuna maovu yaliyochorwa kama sanamu za mawe. Husuda ndiye wa kumtazama kwa muda: nyoka anamtoka mdomoni, anageuka kumuuma machoni, na yeye mwenyewe amesimama motoni huku ameshika mfuko wa fedha. Bakiza dakika tatu za Hukumu ya Mwisho, ukuta mzima mkabala na altare. Chini ya msalaba, Enrico Scrovegni amepiga magoti akikabidhi mfano wa kanisa hili alilolijenga. Baba yake alikuwa mkopeshaji wa riba, na mshairi Dante alimweka motoni katika utenzi wake. Ndiyo maana wengi huliita kanisa hili fidia ya familia.

Ukitoka, ingia kanisa la Eremitani lililo jirani. Mabomu ya 11 Machi 1944 yaliivunjavunja kapela aliyoichora Mantegna, na vipande vilivyookotwa vimerudishwa ukutani juu ya picha za zamani za michoro hiyo. Baada ya Giotto aliyesalimika, pale utaelewa tulichoponea.

Chakula cha mchana kula sokoni, chini ya Palazzo della Ragione. Mchana chagua kimoja: ubatizio wa kanisa kuu, uliochorwa na Giusto de' Menabuoi katika miaka ya 1370 na ambao wageni wengi huupita, au basilika ya Mtakatifu Antoni, yule ambaye Wakatoliki wa kwetu humwomba awarudishie vitu vilivyopotea. Mabega na magoti yafunikwe. Mahujaji hupanga foleni kuweka kiganja juu ya jiwe la kaburi lake. Nje ndipo Donatello alipomsimamisha farasi wake wa shaba, aliyembeba jemadari Gattamelata. Tramu ya kurudi stesheni inapita karibu na hapo.