JANDO NA MSALABA: SOMO KUTOKA MASASI



Somo letu lahusu Wakristo wa Tanganyika kabla ya Uhuru wa 1961, na namna walivyopima mila zao kwa imani. Kwanza someni Matendo ya Mitume, sura ya 15.

1. Kanisa lafika Masasi
Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, wakajenga kijiji kati ya Wayao na Wamakua. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, naye akawahubiria Wayao wenzake huko Chitangali.

2. Mzazi njia panda
Huko, mvulana asiyepita jandoni hakuhesabiwa mtu mzima. Lakini jandoni kulikuwa na maombi kwa mizimu na nyimbo za matusi. Mzazi Mkristo afanyeje? Akimzuia mwanawe, kijana atachekwa na rika lake. Akimpeleka, ameiacha ahadi ya ubatizo.

3. Kupepeta
Padre Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishauriana na mapadre Waafrika na wazee. Hawakuitupa mila yote, wala hawakuipokea yote. Kambi ya porini, tohara na mafundisho ya heshima vilibaki. Maombi kwa mizimu na matusi viliondolewa, na mahali pake pakawekwa sala, Msalaba na shukrani kanisani. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi.

Kenya mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1929 baadhi ya misheni ziliwataka Wakikuyu waikane tohara ya wasichana. Misheni zilikuwa na haki kuona madhara yake. Lakini amri ilitangulia mashauri, na wengi wakatoka, wakaanzisha shule na makanisa yao.

4. Na sisi wa Arash?
Sisi pia tuna mila ya kuwavusha watoto wetu. Mafundisho ya wazee kwa vijana kuhusu ujasiri, heshima na kugawana chakula na wenzao, Kanisa halina ugomvi nayo. Lakini wembe juu ya binti ni jambo jingine. Humwaga damu, huleta maumivu wakati wa uzazi, na huweza kuua. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wanaofanya kwa siri usiku wanajua wenyewe kwa nini wanaficha.

Basi tupepete kama Masasi. Kunyolewa, maziwa, baraka za wazee na mafundisho ya akina mama vibaki. Wembe utupwe. Na tusingoje amri peke yake: wazee, akina mama na mapadre waketi pamoja, kama mitume walivyoketi Yerusalemu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani
1. Mitume waliamua nini kuhusu tohara ya watu wa Mataifa?
2. Katika mila zetu, ipi yamjenga mtoto, na ipi yamwumiza?
3. Nani katika boma letu ataanza kusema?

Mungu awabariki.