Tunavyoviona na Tusivyoviona

Katika Suratul-Haaqqah, aya ya 38 na 39, Allah (SW) anaapa kwa tunavyoviona na kwa tusivyoviona. Kila ninapozisomesha aya hizi, hakosekani kijana wa kuuliza: "Ustaadh, kisichoonekana tutajuaje kuwa kipo?" Swali hili si la dharau, na kulijibu kwa ukali ni kumfukuza muulizaji. Mimi humpeleka kwanza baharini.

Mwaka 2010, Dk. Ulrike Siebeck wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake walitoa utafiti wao juu ya samaki wadogo wa matumbawe wa jamii ya Pomacentrus. Ni aina mbili, zote za manjano, na kwa macho yetu ni kama pacha. Lakini kwa kamera inayonasa mionzi ya urujuanimno, nyuso zao zimejaa vitone na vistari, kila aina na nakshi yake. Dume mwenye eneo lake humshambulia zaidi mgeni wa aina yake kuliko wa aina ile nyingine. Watafiti walipoweka kichujio cha kuzuia mionzi hiyo, tofauti ile ikatoweka. Kumbe alikuwa akisoma uso tusiouona!

Tena samaki wengi wanaowawinda wadogo hawa, lenzi za macho yao huizuia mionzi hiyo. Na kwa kuwa maji huitawanya upesi, alama zile husomwa na jirani wa karibu tu.

Na sisi je? Mwanga tunaouona ni wa takriban nanomita 400 hadi 700. Mionzi ya chini ya hapo huzuiwa na lenzi ya jicho letu wenyewe, ndiyo maana baadhi ya waliotolewa lenzi kwa ajili ya mtoto wa jicho wameweza kuona sehemu yake.

Ndugu msomaji, hapa natahadharisha. Wapo watakaoichukua habari hii waseme samaki amethibitisha kuwepo kwa malaika. Sikubaliani nao. Mionzi inayonaswa na kamera si ghaibu. Malaika na Akhera tumevijua kwa wahyi. Anachobomoa samaki huyu ni hoja moja tu, kwamba jicho la mwanadamu ndilo kipimo cha kilichopo. Kijana akishaiacha hoja hiyo, ndipo tunapoanza somo la dalili za Utume, na huko maswali yake huwa magumu zaidi.